Kizingiti cha Kujikwalia

Mama mkwe wake alimbandika jina la Redio wiki ile ile alipoolewa, na jina likamganda mpaka leo, hata mume wake mwenyewe hulitumia mbele za watu. Hakuwa na ubaya wowote, ila maneno hayakumkaa kinywani. Ukimweleza jambo asubuhi, kufikia adhuhuri hata muuza mkaa analo. Kwa hiyo ukisikia kwamba mwanamke huyu aliwahi kuficha siri kwa muda wote ambao nyumba ya mama mkwe wake ilikuwa ikitengenezwa, ujue haikuwa kazi ndogo, na ujue alikuwa na sababu.

Nyumba yenyewe iliharibiwa na koki ya jikoni. Maji ya mtaa yalikuwa yamekatika kama ilivyo ada yake, na Bi Mkubwa, yaani mama mkwe mwenyewe, mjane aliyeishi peke yake, alifungua koki akakuta kavu, akaiacha hivyo hivyo, akafunga safari kwenda kumuuguza dada yake. Nani hajawahi kufanya hivyo? Bahati mbaya kitambaa cha kuoshea vyombo kilikuwa kimeziba tundu la sinki. Maji yaliporudi hayakuuliza mwenyeji yuko wapi. Yalijaza sinki, yakafurika, yakatembelea jikoni, sebule na vyumba vyote, mpaka jirani alipoyaona yakitoka chini ya mlango wa mbele akampigia simu mwanawe.

Walipofungua, ndala za marehemu baba mkwe zilikuwa zinaelea sebuleni kama zinamtafuta mwenyewe. Sakafu ya saruji, ya tangu enzi hizo, ilikuwa imevimba na kubanduka vipande vipande. Plasta ya kuta ilitoa malengelenge mpaka usawa wa goti. Milango ilivimba ikagoma kufungika, makochi yakaanza kunuka, na kabati la vyombo likafumuka kama mkate uliosahauliwa kwenye chai. Bi Mkubwa alisimama mlangoni na mkoba wake wa safari, akanusa, akasema tu kwamba godoro lake lilikuwa zuri sana. Kisha mwanawe akamchukua akaenda naye kwake.

Huyo mwana, mume wa Redio, alikuwa wa pekee, msimamizi wa bohari, mtu wa kupenda kila kitu kikae mahali pake. Alimpenda mama yake kupita kiasi, na mapenzi yake yalikuwa ya kukaba. Siku ile ile alitangaza kwamba nyumba itatengenezwa vizuri, itapangishwa, na mama atabaki kwao, alelewe. Leo ni koki, alisema, kesho itakuwa moto. Bi Mkubwa alimjibu kwamba yeye si mtungi wa kuhamishwa kutoka kona hii kwenda kona ile. Wakabishana chakula kizima, na mwisho wakaafikiana shingo upande: kwanza itengenezwe, halafu siku ya kwenda kuiona, mama akiimudu nyumba yake atabaki, na asipoimudu atarudi na mkoba wake bila kununa.

Ilichukua muda mfupi tu kwa Redio kugundua. Alikuwa akikunja nguo chumbani akamsikia mama mkwe wake koridoni anazungumza na mtu kwa upole, anamuuliza kama amekula, na mbona amerudi mapema kazini. Redio akachungulia. Bi Mkubwa alikuwa anasemezana na koti la mwanawe, lililotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Redio aliangua kicheko. Kikamkatikia kooni, kwa sababu mama yule hakucheka. Alinyoosha mkono taratibu, akaligusa koti, akalipapasa bega, akajua.

Hapo mengine yote yakajipanga yenyewe kichwani mwa Redio. Kile kidole ambacho Bi Mkubwa hukitia ukingoni mwa kikombe akimimina chai. Kile kichupa cha dawa ya macho, ambacho kila siku alisema ni cha vumbi tu. Yale magoti yaliyojaa alama za kujigonga kwenye meza za pale nyumbani kwao, wakati kwake mwenyewe alikuwa akikata vitunguu huku anakugombeza, bila kujigonga popote.

Walikaa kitandani bega kwa bega. Bi Mkubwa alimweleza kwamba daktari alishasema kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki, na kilichobaki ni vivuli. Mwanawe hakuambiwa. Angeambiwa, basi ule mjadala wa kubaki na kuondoka ungekwisha siku hiyo.

"Kwangu mimi naona, mwanangu," alisema. "Miguu inaona, mikono inaona. Huku kwenu ndiko nilikopofuka."

Kisha akamwomba asiseme. Redio alijibu sawa, na wote wawili wakashtuka kidogo, maana ahadi hiyo ilikuwa inatoka kwa Redio.

Kuanzia hapo Redio akawa msimamizi wa ukarabati, kwa vile mumewe alikuwa kazini kutwa. Alikuwa na kazi ya kuirudisha nyumba ilivyokuwa, kila kitu pale pale, bila kumwambia mtu kwa nini. Alimkuta fundi, mwashi mmoja mnene mwenye madaha, anayeitwa Pimamaji mtaa mzima kwa sababu kifaa chake cha kupimia usawa hakikutoka kwapani. Pimamaji alikiweka juu ya sakafu, juu ya dirisha, juu ya meza anayokaribishiwa chai, akalikodolea macho lile tone la hewa, akasikitika. Hakuwahi kuona nyumba iliyopinda kama ile, na aliapa kuinyoosha.

Redio hakutaka inyooshwe. Mume alitaka vigae vya kung'aa, Redio akataka saruji, akidai vigae vinateleza. Fundi akataka mlango wa chumbani ufungukie ndani kama milango ya watu, Redio akasema ufungukie nje kama zamani. Swichi ya sebuleni ilikuwa chini mno, usawa wa kiuno, na Redio akasema hapo hapo. Koki tu ndiyo aliyoibadilisha kwa hiari yake: alinunua ile ya kunyanyua mpini, ambayo ukiigusa tu unajua imelala au imesimama. Siku moja Pimamaji alitoka kuchanganya mchanga, akarudi akamkuta mke wa mwenye kazi anatembea sebuleni amefumba macho, mikono mbele, viatu kavua, anajigonga kwenye ndoo yake. Hakuuliza. Ila tangu siku hiyo alimsalimia kwa heshima zaidi na kwa umbali.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa kizingiti. Jiko liliongezwa baadaye na marehemu baba mkwe, ambaye hakuwa fundi wa kitu chochote, na mlangoni pake alijenga kizingiti kirefu cha saruji ili maji ya jikoni yasiingie sebuleni. Kimo chake hakikueleweka, upande mmoja juu, upande mwingine chini. Kila mtu alijikwaa pale. Redio mwenyewe, akiwa bibi harusi mpya, alijikwaa na sinia la vikombe, na hakikubaki hata kimoja cha ushahidi. Ndiyo maana Bi Mkubwa, popote alipokuwa, akisikia nyayo zinaelekea jikoni alipaza sauti, "Inua mguu." Aliwaambia wageni, aliwaambia wajukuu, aliwahi kumwambia paka. Na siku ya mafuriko maji yalikiruka kizingiti hicho bila hata kupiga hodi.

Pimamaji alisema hawezi kuacha kitu kile na jina lake likabaki jema. Redio alisema kitabaki. Mume alipokuja jioni kukagua alijikwaa, akamuunga mkono fundi. Redio akawasihi, akawatania, akadai ni kumbukumbu ya marehemu, na hilo la marehemu likawanyamazisha. Alienda nyumbani moyo umemtulia. Ulimi ulikuwa unamuwasha kusema sababu yenyewe, lakini aliung'ata.

Siku ya kwenda kuona nyumba ikafika. Bi Mkubwa alivaa nguo yake nzuri, akakataa kushikwa mkono. Mlangoni alivua viatu, akasema hawezi kuikanyaga sakafu mpya na vumbi la njiani. Akaingia. Redio alimfuata roho juu. Bi Mkubwa aligusa mwimo wa mlango, akapita katikati ya makochi mapya bila kuyagusa, akapiga kofi mgongo wa kiti chake kama anamsalimia mtu, akanyoosha mkono usawa wa kiuno akawasha taa. Mwanawe alisimama nyuma yake, furaha imemjaa uso mzima. Aliuliza kama mama ameiona nyumba yake.

"Nimeiona," alisema Bi Mkubwa. "Mmefanya kazi, wanangu. Ngoja niwapikie chai."

Akageuka kuelekea jikoni. Hapo ndipo Redio alipotazama chini. Kizingiti hakikuwepo. Sakafu ilipita kutoka sebuleni hadi jikoni imenyooka, laini, na mume wake alikuwa anamkonyeza, kwa kuwa alimwagiza Pimamaji akibomoe bila kumwambia yeyote. Alitaka kumfurahisha. Hakutaka mama yake ajikwae tena maishani mwake.

Redio alifungua mdomo, akawa amechelewa. Alijionea kidole gumba cha mguu wa mama yule kikitangulia, kikitafuta. Kikatafuta tena. Hatua zikawa fupi, akavuka mlango bila kujua amevuka, akaenda, akaenda, mpaka mkono wake ukagusa kitu cha mbao mahali ambapo palitakiwa kuwa na hewa tupu. Lilikuwa kabati jipya, mwisho kabisa wa jikoni. Akasimama. Mikono miwili ikainuka mbele yake, wazi.

"Mwanangu," aliuliza polepole, "mlango wa jikoni mmeupeleka wapi?"

Mwanawe alicheka. Alimwambia, mama, si uko ndani ya jikoni. Bi Mkubwa akageuka kuifuata sauti, akatabasamu, na tabasamu lile likaenda kwa rafu iliyokuwa kando ya sikio la mwanawe. Kicheko kikamwisha mtu mzima yule. Alihama hatua moja pembeni, kimya. Macho ya mama yake yalibaki kwenye rafu.

Aliuliza tangu lini, na mama yake akamjibu kwamba ni tangu kabla ya koki. Akamgeukia mkewe, na Redio hakukwepa.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Wewe, Redio? Ukanyamaza?"

"Usimgombeze," Bi Mkubwa alidakia. "Mimi ndiye niliyemfunga mdomo, na Mungu anajua alivyoteseka."

Mwana akakaa kwenye kigoda. Alisema hawezi kumwacha hapa, asimlaumu, yeye ni mama yake na hana mwingine. Alisema mengi, sauti yake ikipanda na kushuka, na mama yake alimwachia amalize. Kisha akajongea kwa kufuata pumzi zake, akamwekea mkono kichwani.

"Umenitazama nikipita sebuleni kwangu sasa hivi," alisema. "Uliona mtu asiyeona?"

Hakuwa amemwona mtu asiyeona. Alikuwa amemwona mama yake, yule yule wa siku zote, anayepiga kiti kofi. Na pale jikoni, palipokuwa pamenyooka, ndipo alipomwona amepotea. Alifikicha macho kwa kiganja. Redio alimpenda sana wakati huo, na akatamani kumwambia, lakini alikuwa ameanza kuzoea kunyamaza.

"Kilikuwa na kimo gani?" mwana aliuliza.

Nje palikuwa na saruji iliyobaki na karai la Pimamaji. Msimamizi wa bohari alikunja suruali yake ya heshima, akachanganya saruji kwa mwiko kama mtu anayekoroga uji, akapanga vipande vya matofali mlangoni, akapiga magoti. Mama yake alisimama juu yake, nguo kaishika mkononi, mguu mmoja hewani, akimwonyesha. Juu kidogo. Hapana, huku chini kidogo, baba yako alichoka alipofika huku. Pimamaji, aliyekuja kuchukua vyombo vyake, aliona kinachoendelea, akatoa kifaa chake kwapani akakisogeza mbele. Redio akamsukumia mkono pembeni.

Kilipokauka, siku nyingine, walirudi. Yaliyobaki yalishazungumzwa: kwamba Redio atapita kila siku, kwamba mwana ndiye atakayempeleka kwa daktari, kwamba jiko litawashwa mama akiwa hana haraka. Lakini mwana alikuwa bado na donge. Alisimama sebuleni, akafumba macho yake kwa nguvu kama mtoto anayecheza kujificha, akaweka mikono yake mabegani mwa mama yake, akamwambia atangulie.

Wakaenda. Walipita kwenye makochi, wakapita kwenye kiti, yeye akijigonga na mama yake hajigongi. Redio aliyekuwa jikoni aliwaona wanakuja, mmoja amefumba macho, mwingine amefumbua, na mwenye kuongoza akiwa ni yule asiyeona. Karibu na mlango Bi Mkubwa alipunguza mwendo. Kidole gumba chake kilitangulia, kikagusa saruji ile iliyopinda, kikatulia.

"Inua mguu, mwanangu," alisema.

Akainua.