Maji Kwenye Chupa ya Wifi

Maabara nzima ilimwita Bi Chumvi, na jina hilo alilipenda. Alikuwa amehangaika miaka na bakteria wa kwenye mizizi ya mimea, akitafuta namna ya kuwafanya wavumilie udongo wenye chumvi. Kisha kaka yake akaoa, na mke huyo, aliyesomea mambo yaleyale, akaajiriwa hapohapo na kupewa meza ya dirishani.

Wifi hakukawia. Aliwatilia bakteria dawa iitwayo betaini, na wale waliokuwa wakisinyaa kwenye maji ya chumvi wakaota kesho yake, chupa zikawa nyeupe kama maji ya mchele.

"Chumvi ikizidi nje, maji yanawatoka," wifi alimweleza mama mkwe wake mezani. "Betaini wanaifyonza, wanaijaza ndani, inawashikia maji yao bila kuwavurugia kazi."

"Mkwe wangu ana kichwa!" mama akasema, akimwongezea nyama.

Bi Chumvi alikuwa amemweleza mama jambo hilohilo mara kibao, na mama hakuwahi hata kuinua macho kwenye cherehani.

Siku moja Profesa, mkuu wa maabara, alijisahau akamwita wifi "Bi Chumvi." Watu wakacheka. Mwenye jina naye alicheka, sauti ikamtoka kavu. Wenzake walipotoka kwenda kula, alimwaga betaini ya wifi kwenye sinki, akajaza chupa maji safi. Vyote viwili havina rangi. Nani angejua?

Wifi akaitumia chupa hiyo kwenye jaribio lake kubwa. Siku iliyofuata hakuna kilichoota. Bi Chumvi aliona raha.

Kabla wifi hajaanza kutafuta kasoro, simu ikaja: mama kaanguka bafuni. Bi Chumvi alipofika hospitali alimkuta wifi ameshatangulia, kashika beseni. Mama alipoulizwa nani abaki naye, alimtaja mkwe. Hata kuugua anamuugulia yeye, Bi Chumvi aliwaza, akarudi kazini peke yake. Chupa zilibaki kwenye mashine ya kutikisia, hakuna aliyezijali.

Mama aliporuhusiwa baada ya siku kadhaa, wifi alirudi akazikuta zote nyeupe. Akatazama kwa hadubini, isije ikawa wadudu wengine wameingia: bakteria walewale. Akarudia kwa betaini mpya, wakaota kwa siku moja kama kawaida.

"Basi zile zimeharibika tu," Profesa akasema. "Mwaga."

Wifi akazibeba hadi kwenye sinki. Bi Chumvi alikuwa ameshaelewa. Siku zote chupa zisizo na betaini zilimwagwa baada ya siku moja, kwa kudhani hazina uhai. Kumbe bakteria hao, wakipewa muda, hujitengenezea kinga yao wenyewe ya chumvi! Hilo ndilo alilolitafuta miaka yote, maana shambani nani atawatilia betaini? Angeweza kunyamaza, baadaye alirudie kimyakimya liwe lake. Aliamua hivyo. Lakini chupa ya kwanza ilipoanza kumiminika, mdomo ulimtangulia.

"Usimwage! Chupa ya betaini ilikuwa na maji matupu. Betaini niliimwaga mimi."

Wifi akageuka. "Wewe? Kwa nini, wifi?"

"Kwa sababu mama anakupenda."

Jibu hilo lilimshangaza hata mwenyewe. Wifi alizitua chupa mezani.

"Nilikuwa namwogesha mama yako," alisema, akatoka nje.

Jaribio lilirudiwa, safari hii bila betaini kwa makusudi, na vipimo vikaonyesha kinga waliyojitengenezea bakteria. Wifi ndiye aliyesimama mbele ya wageni kueleza. Bi Chumvi alihamishiwa chumba cha kuoshea vyombo mpaka Profesa aamue vinginevyo.

Nyumbani, mama aliuliza waligunduaje.

"Tulichanganya chupa, mama," wifi akajibu, bila kumtazama mtu. "Mimi na wifi."

Mama akampigia makofi mkwe wake. Bi Chumvi alijua anapaswa kushukuru. Alijaribu. Alichoweza kuona ni kwamba hata kwa kusamehe, huyu mwanamke alimzidi.