Dawa ya Koti

Kila mchunga kondoo wa milima ya Karpati anajua kwamba Chuhaister, yule mtu wa msitu, akikukuta njiani atakuomba mcheze ngoma. Ucheze duru moja, umshukuru, ushike njia yako. Onufrii alicheza ya kwanza mwanzoni mwa kiangazi, akanogewa akaongeza ya pili, na sasa majani yalikuwa yamegeuka manjano, naye njia yake hakuwa ameishika.

Dada yake Paraska alipopanda malishoni kuhimiza kondoo washushwe kijijini kabla ya theluji, aliwakuta wawili hao mbele ya kibanda, wanakula ugali wa mahindi uliosongwa kwa krimu ya maziwa ya kondoo, sufuria moja, kijiko kimoja. Chuhaister alikuwa mzuri mpaka inakera.

"Kumbe ndiyo maana hushuki!" Paraska alifoka. "Huyu amekuroga, mdogo wangu."

"Hajaniroga, dada."

"Kila aliyerogwa husema hivyo hivyo. Geuza koti!"

Dawa hiyo kule haina siri: koti la ngozi ya kondoo ukilivaa ndani nje, kiinimacho cha msitu hukatika. Onufrii aliijua tangu utotoni, na kiangazi kizima hakuthubutu kuijaribu. Kwa wasichana wa kijijini moyo wake haukuwahi kushtuka. Hii ndiyo iliyokuwa furaha yake ya kwanza. Je, ikiwa nayo ni kiinimacho tu? Akamtazama mpenzi wake, akitumaini atakataa.

Chuhaister akaweka kijiko chini. "Geuza. Mimi mwenyewe sijui. Watu hunipenda nikitaka wanipende. Kwako nilijizuia, lakini sina hakika kama niliweza."

"Na nikiacha kukupenda?"

"Nitakusindikiza hadi njia panda, ufike kwenu salama."

Onufrii akaligeuza koti, manyoya nje, akalivaa. Uzuri wote ukayeyuka papo hapo. Aliyebaki mbele yake alikuwa na masikio mapana, pua ya kuvimba, uyoga umeota ndevuni, na harufu ya beberu aliyenyeshewa. Alikuwa amefumba macho akingoja kuachwa.

Onufrii akaangua kicheko. Akamng'oa ule uyoga, akambusu mdomoni. Moyo ulikuwa pale pale, tena mwepesi kuliko jana.

"Nakupenda," alisema. "Na una sura mbaya, Mungu shahidi."

"Wewe je? Umekuwa kondoo mzima!" Chuhaister alijibu, akilia na kucheka kwa pamoja.

Paraska alisimama mikono kiunoni. Dawa ile haikuwahi kushindwa, na haikushindwa leo. Akakaa, akajimegea ugali.

"Wenzako wakipenda chongo huita kengeza," alisema. "Wewe unaliona chongo na unaliita chongo. Hapo mimi sina la kusema." Akamgeukia shemeji yake. "Ila wewe, kabla hujaingia nyumbani kwangu, utanawa miguu."