Gauni Lililofuliwa

Baridi ya Makambako ilikuwa imemwingia Bibi Ida hadi magotini, lakini hakukubali kukaa. Tangu saa moja asubuhi alikuwa akienda na kurudi mbele ya lango la uwanja, ameshikilia sweta pale kifungo kilipokatika.

"Bibi, utatuchimbia mtaro hapo," alisema Hosea, mgambo wa lango. "Kaa kwenye jiwe."

"Nikikaa siinuki tena, baba. Jina langu linasomwa leo."

"Inayoingia ni kadi ya mwaliko. Jina halina miguu."

Kadi hakuwa nayo. Alikuwa na ahadi. Wiki tatu nyuma, ofisa kijana aitwaye Steven alimfuata nyumbani Mdandu, akanywa togwa vikombe viwili, akasema taifa linawatafuta wauguzi waliohudumia majeruhi wa vita vya Kagera ili liwatunuku nishani. Akataka ushahidi. Barua za kazi zilikwisha kuliwa na mchwa, kwa hiyo Ida akafungua sanduku, akamtolea gauni lake la uuguzi. Ubavuni lilikuwa na doa la kahawia, pana kama kiganja. Askari mmoja wa Singida, ndevu hazijamwota, alimfia hapo akiomba maji. Tangu siku hiyo gauni halikuguswa na sabuni.

"Hili linatosha, mama," Steven alisema, akalikunja. "Ondoa shaka."

Sasa Steven huyo alitokea langoni, suti imemkaa, anachungulia gari la mgeni rasmi. Ida akamdaka mkono.

"Mwanangu, nimefika."

"Aa, mama! Shikamoo." Macho hayakutoka barabarani. "Jina lako limekwama. Wakubwa wametaka barua ya mwajiri, au mashahidi wawili waliokuona kazini."

"Walioniona kazini niliwafumba macho kwa mkono huu."

Steven akacheka kwa adabu.

"Na gauni langu?"

"Limependwa sana, mama! Utaliona." Akajichomoa, akakimbilia gari.

Bendi ikaanza. Ida akabana uso kwenye waya wa uzio. Mbele ya gwaride alitembea binti mwembamba, mashavu yamepakwa poda, amevaa gauni lile. Lilikuwa jeupe kama ua la pareto. Ida akatafuta ubavu wa kushoto. Binti alipogeuka, akautafuta tena. Palikuwa safi.

"Wamemfua," alisema.

"Nani, bibi?"

Ida akaachia uzio. Akaketi juu ya jiwe.

Spika zikakohoa. "Mabibi na mabwana, tusimame kuwaheshimu wauguzi wetu mashujaa!"

Uwanja mzima ukainuka. Hosea akabana visigino, kisha akamtupia Ida jicho.

"Inuka, bibi! Husikii? Wauguzi wanaheshimiwa."

Akamwingiza mikono kwapani, akamnyanyua kama gunia la viazi, akamshikilia hivyo hivyo, wima, hadi bendi ilipomaliza.