Mkimbizi wa Didas

Nimekuwa mwenyekiti wa kitongoji muda mrefu mpaka watu wamesahau kwamba na mimi nina shamba. Wananiletea mbuzi waliokula mihogo ya jirani, mipaka iliyosogezwa na mvua, wanaume waliosogezwa na pombe. Hayo nayaweza. Mbuzi unamwona, mpaka unaupima kwa miguu. Kinachonimaliza ni kesi ya maneno. Neno huwezi kulifunga kamba ukalileta barazani kila mtu aliangalie, na kila shahidi anakuja na la kwake.

Kesi ya Didas na Niyongabo nililetewa siku ya soko, nikiwa na debe la maharage kichwani. Aliyeileta ni Rashid, mtendaji wetu wa kijiji, kijana wa Pwani, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hata wakati wa vumbi. Alikuwa ametoka kwenye semina Kasulu mjini, semina ya lugha za kibaguzi.

"Mwenyekiti," aliniambia, "kuna mzee anamwita raia mwenzake mkimbizi. Hadharani. Hata msibani."

"Didas," nikasema.

"Kumbe unajua?"

Nani asiyejua? Nyakitonto yote inajua. Niyongabo aliletwa hapa mwaka wa sabini na mbili, mgongoni mwa mama yake, wakitokea Burundi. Walipewa pa kulala jikoni kwa baba yake Didas, na Didas, ambaye naye alikuwa bado anazurura bila suruali, ndiye aliyekuwa akiagizwa kuwapelekea maji. Walipokua wakachunga mbuzi pamoja. Huko machungani ndiko Didas alikoanza kumwita mwenzake mkimbizi wangu, na Niyongabo akamjibu mtumwa wangu, niletee maji. Basi ikawa hivyo. Walioa wakiitana hivyo, wakazaa, wakaota mvi.

Sasa, Waha na Warundi hawana utani. Tuko karibu mno kwa hilo, lugha zetu zinasikilizana bila mkalimani, na utani unahitaji umbali kidogo. Wawili hawa walijitengenezea wa kwao, na sisi tukauheshimu kama ule wa makabila. Immakulata, mke wa Niyongabo, alipofariki, Didas aliingia kaburini kabla ya jeneza, akajilaza chali, akakataa kutoka. "Huyu mkimbizi amelima bonde lote, sasa anataka na chini ya ardhi," alisema. "Immakulata, rudi nyumbani ukapike, kibali cha kulala huku hujapewa." Watu walicheka huku wanalia. Niyongabo naye alicheka, akatoa jogoo ili mtani atoke. Ndivyo inavyofanyika. Mjane na mgane hupewa nafasi ya kupumua kidogo.

Rashid alikuwepo siku ile, na hakucheka.

"Mtendaji," nikamwambia, "kwenu Pwani hakuna utani?"

"Upo. Lakini utani una makabila yake, mwenyekiti. Haya mengine ni matusi. Na binti wa marehemu mwenyewe analalamika."

Hapo nikatua debe. Kama ni Aline, basi jambo lilikuwa zito.

Aline ni mtoto wa pekee wa Niyongabo aliyebaki hai. Ni muuguzi huko Murungu, wilaya ya Kibondo, na alikuwa amechukua likizo ili akae na baba yake mpaka siku ya kuondoa msiba. Nikawaita wote barazani kwangu. Didas alikuja na jembe begani, kuonyesha kwamba tunampotezea muda. Niyongabo alikaa kwenye benchi karibu naye, kama kawaida yao, mpaka Aline alipomwomba ahamie upande wake. Akahama.

"Mama Pasikali," Aline akaanza, akinigeukia, "mimi ninapofanya kazi, kambi haiko mbali. Huko mkimbizi ni mtu anayeomba ruhusa ya kwenda kutafuta kuni. Ni mtu anayeulizwa kila mwezi atarudi lini kwao. Neno hilo lina uzio. Halafu narudi nyumbani namkuta baba yangu anaitwa hilohilo, na anacheka."

"Baba yako ana cheti cha uraia," Didas akasema. "Nilikuwepo alipokipata. Nilimwambia, mkimbizi wangu, sasa una karatasi nzuri ya kufungia chumvi."

Mdomo wa Niyongabo ulicheza kidogo. Aline alimwona, na sauti yake ikapanda.

"Baba mdogo, shuleni mwalimu alikuwa anasema watoto wa wakimbizi wasimame wahesabiwe. Nilisimama. Kila muhula nilisimama. Mwanao Kezia tulikuwa tunakaa dawati moja, yeye amekaa, mimi nimesimama."

Didas alishusha jembe chini. "Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia nini? Na wewe ulikuwa unalisema."

Rashid alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kwa huruma ya kweli, sikatai. Aline akaendelea kwa sauti ya chini. Alisema siku hizi kuna watu wanapita wakiuliza nani wa wapi. Siku moja atapita asiyewajua wazee hawa, atasikia Didas anapaza sauti sokoni, naye ataamini anachokisikia. Baba yake ataanza kutafutwa kwa neno la mchezo.

Nilichukia, nasema kweli. Nilichukia kwa sababu wote walikuwa na haki. Kesi ya mbuzi haina tabu hiyo.

Nikamgeukia Niyongabo. "Mzee, na wewe? Neno hili linakuudhi?"

Alimtazama binti yake, akamtazama Didas, akatazama mikono yake. Nilijua anachokiogopa. Aline ndiye mtu wake wa damu aliyebaki, na Didas ndiye mtu wake wa kila siku, nami nilikuwa nimemwomba achague mbele ya watu.

"Mwanangu amesoma," akasema mwishowe. "Anavyosema yeye, sawa."

Hilo halikuwa jibu, na sote tulilijua hilo. Lakini mawingu yalikuwa yamekusanyika, na maharage yangu yalikuwa bado yameanikwa, na mimi nilitaka watu watoke barazani kwangu. Nikasema basi, neno liachwe.

"Nimeliacha," akasema Didas. Akapangusa suruali, akachukua jembe lake, akaenda. Rashid alitushika mikono mmoja mmoja. Alikuwa na furaha, maskini.

Didas alitimiza. Kila asubuhi alipokuwa akipita kwa Niyongabo kwenda shamba, badala ya zile kelele zilizokuwa zinaamsha kuku wa kitongoji kizima, tulisikia, "Habari za asubuhi, mzee." Na kutoka ndani, "Nzuri, mzee." Kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Zamani Didas alikuwa anaingia bila hodi, anajifunulia sufuria, analalamika kwamba wakimbizi hawajui kutia chumvi. Sasa alikuwa anapita tu. Niyongabo alianza kukaa na mlango umefungwa, na Aline akaniambia mzee anakula kidogo. Nikamwambia ni msiba. Nilikuwa sitaki kurudia kesi ile.

Kisha ikafika siku ya kuganduka. Ndivyo Warundi wanavyoita siku ya kuondoa msiba, na sisi Waha tunawaelewa. Ndugu walikuja kutoka Kibondo na Kasulu mjini, mitungi ya pombe ya ndizi ikapangwa ukutani. Warundi wana ustaarabu mmoja unaochosha miguu, maana pombe haiguswi kabla ya jambo, yaani hotuba ya heshima. Wageni wanakaa upande mmoja, wenyeji upande wa nyumba. Msemaji wa wageni anasimama, anazungumza kwa maneno ya heshima, taratibu, hakuna anayemkatiza. Mwenyeji anasimama, anajibu vilevile. Ndipo watu wanakunywa. Jambo ni la wageni. Mtu wa nyumbani hasemi jambo. Mtu wa nyumbani anabeba mitungi na kufokea watoto, na kwa miaka yote hiyo Didas ndiye aliyekuwa akiwakatiza wasemaji kutoka mlangoni kwa Niyongabo, akipiga kelele kwamba mkimbizi huyu anataka kutuua kwa kiu.

Siku hiyo Didas alikuja amevaa koti. Alipiga hodi. Aline akampa kiti upande wa wenyeji, naye akashukuru, akakichukua kiti kile akavuka nacho mpaka kwa wageni. Nadhani alitaka kufanya vizuri. Alikuwa amekatazwa lugha moja, akachagua ile nyingine anayoijua, ile ya wageni, kwani kwa watu hawa hakuna ya tatu.

Zamu ilipofika akasimama, akavua kofia.

"Ndugu Niyongabo, mwananchi mwenzetu," akasema, "pamoja na familia yako. Sisi tuliofika hapa leo tunawapeni pole. Tunawashukuru kwa kutupokea nyumbani kwenu. Tunaomba Mungu awape nguvu, na ujirani wetu uendelee kuwa mwema."

Lilikuwa jambo zuri, halina kosa hata moja. Rashid, aliyekuwa amekaa na soda yake, alipiga makofi kidogo, akaona yuko peke yake, akaacha.

Niyongabo ilimbidi ajibu, ndiyo desturi. Alisimama na kikombe mkononi. "Wageni wetu," akasema. Akajaribu tena. "Wageni wetu, karibuni." Hapo sauti ikamkatika, akaanza kulia. Mtu ambaye hakulia kaburini alilia pale, wima, mabega yanatikisika, pombe inamwagikia viatuni. Watu wakaangalia chini.

Aline alimkimbilia. Niliona anadhani ni kwa ajili ya mama yake, akamshika, akamwambia pole, baba, mama amepumzika.

"Siyo mama yako," akasema Niyongabo. Nilikuwa karibu, nilisikia. "Aline, mwana wanje," yaani mwanangu, kwa Kirundi chao, "leo hapa hakuna mtu wa nyumbani."

Aline alibaki amemshika. Alimtazama Didas ng'ambo ya uwanja, aliyesimama na kofia kifuani, koti limembana, hajui akae au aendelee kusimama. Sijui ni nini kilipita moyoni mwa binti yule. Alimwachia baba yake polepole, akavuka uwanja mbele ya watu wote.

"Baba mdogo, njoo upande huu."

"Nije niseme nini?"

"Unajua."

"Sijui. Nimekatazwa na mwenyekiti." Akanitazama, na alikuwa na hasira na mimi, hasira halali.

"Mwenyekiti amechoka," nikamwambia. "Nenda."

Didas alivuka. Alipofika mbele ya Niyongabo, alimtupia jicho Rashid kwanza, halafu Aline. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mkimbizi wangu, utalia mpaka pombe ichachuke?"

Niyongabo alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Mtumwa wangu," akasema, "kaoshe vikombe."

Watu walicheka, ila siyo kicheko cha siku zile. Kilikuwa kicheko cha watu waliosubiri kwanza kuona kama kinaruhusiwa. Rashid alisoma maandishi ya chupa yake. Didas alivua koti, akaenda kweli kuosha vikombe, na wazee wakaanza kunywa.

Aline hakucheka. Niliingia ndani kumtafuta nikamkuta jikoni kati ya masufuria, amesimama wima, mikono ubavuni, kama mwanafunzi aliyeambiwa asimame na hajaambiwa akae.

"Kaa, mwanangu," nikamwambia.

"Nitakaa," akasema. Hakukaa. Tulisikiliza wazee wanaitana huko nje, na neno lile lilikuwa limemponya baba yake na lilikuwa bado linamuuma yeye, na kwa kesi ya namna hiyo sina hukumu.

Alirudi Murungu likizo yake ilipokwisha. Didas ameanza tena kuingia kwa Niyongabo bila hodi na kufunua masufuria. Asubuhi ninapokwenda shamba nawaona wamekaa mlangoni, na wanaitana yaleyale majina yao. Ila siku hizi, kabla ya kuitana, wote wawili wanageuka kwanza kuangalia njiani, nani anapita.