Maji Yaliyolazwa

Saa moja kasoro robo asubuhi, kabla ya ofisi ya maji kufungua milango, Mama Ndoo aliwahesabu samaki. Ijumaa aliwaacha kumi na wawili. Jumatatu hiyo saba walikuwa wakiogelea na watano walikuwa wakielea, ubavu mmoja ukitazama taa. Aliwachota kwa kichujio cha chai, akawafunga kwenye gazeti, akaenda kuwafukia nyuma ya choo cha wafanyakazi. Baadaye kidogo dereva wa ofisi alileta watano wengine ndani ya mfuko wa plastiki. Saa mbili wateja walipoingia, walikuta kumi na wawili.

Tangi la samaki lilikuwa mapokezi, mkabala na benchi la wateja. Juu ya kioo meneja alikuwa amebandika karatasi: Samaki hawa wanaishi kwa maji ya bomba lako. Mtu akija kulalamika, amebeba chupa yenye maji ya rangi ya chai, dada wa mapokezi alimwonyesha samaki kwa kidole. Mtu aliwatazama samaki, akaitazama chupa yake, akarudi nyumbani. Samaki hana wa kubishana naye.

Mama Ndoo alikuwa mfagizi wa ofisi ile kwa miaka kumi na tisa, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila ndoo. Kutunza samaki hakukuwa kazi yake. Aliianza kwa huruma. Aliona kwamba hawafi kwa uzee. Matamvua yao yalikuwa mekundu kama koo la mtoto mwenye homa, mapezi yamejikunja, na siku ya mwisho walikaa juu juu wakihema, midomo nje ya maji, kama watu waliosongamana dirishani.

Muuza samaki ndiye aliyemfundisha. "Mama, maji ya bomba usiwatilie yakiwa macho," alimwambia. "Yana dawa, yanawachoma. Yalaze kwanza."

Kuyalaza ni kuyaweka kwenye ndoo wazi siku mbili, mpaka harufu ya dawa iishe. Basi Mama Ndoo akawa analaza maji stoo, kati ya mafagio na maboksi ya karatasi, na samaki waliokuwa wakiishi siku nne wakaanza kuishi wiki mbili. Meneja alifurahi. Alimwita mbele ya wafanyakazi wote, akampigia makofi, akampa siku tatu za mapumziko wakati wowote atakapozihitaji.

Alizihitaji mapema. Mjukuu wake wa miaka mitano, ambaye walizoea kuitana mke mwenza kwa utani, alianza kutapika. Ngozi ya shingo ilimtoka vipele, na midomo ikampauka. Mtaa wao ulikuwa wa mwisho kabisa kwenye bomba la upande ule, na watoto wengi wa mtaa walikuwa hivyo hivyo. Mama Ndoo alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Kabla ya kuondoka ofisini alimwachia maagizo mlinzi wa mchana, mzee mpole aliyekuwa na wiki moja tu kazini.

"Samaki nimewalisha," alimwambia. "Hiyo ndoo ya stoo, hakikisha maji yanalala vizuri. Usiwatilie samaki kabla hayajalala."

"Usiwe na wasiwasi, dada yangu," mlinzi akasema. "Mimi nimelea watoto sita."

Mlinzi hakuwahi kufuga samaki, lakini kulaza alikujua. Aliona maji yamewekwa sakafuni, kwenye baridi, jirani na mafagio, akasikitika. Aliinyanyua ndoo akaiweka juu ya maboksi. Alifunga dirisha la stoo, akatundika gunia mahali pa pazia. Akavua koti lake akaifunika ndoo, akaacha uwazi mdogo wa kupitisha pumzi. Kisha akakaa mlangoni, na mteja yeyote akipaza sauti, mlinzi alijiwekea kidole mdomoni. "Taratibu, jamani. Kuna waliolala."

Kwa siku tatu hakuna aliyepiga kelele katika ofisi ya maji. Maji, ambayo tangu yatoke ardhini hayakuwahi kufanyiwa wema wa namna hiyo, yalilala fofofo.

Siku ya nne Mama Ndoo alirudi. Mtoto alikuwa amepewa dawa ya unga na anakunywa uji. Alimshukuru mlinzi, akaingia stoo, akasikia mtu anaongea chini ya koti. Ilikuwa sauti ya chini yenye mafua, isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke. Alifunua. Maji yalikuwa yametulia, hayana hata kiwimbi, na yalikuwa yakisema usingizini.

"Yalianza jana saa nane," mlinzi alisema. "Sikutaka kuyaamsha."

"Umefanya vyema," Mama Ndoo alimwambia. Alivuta boksi akaketi.

Maji yalisema kwa wingi, kama watu wa nyumba moja. Yalisema: tulitoka kisimani tukiwa wazima. Tukapita chini ya shule, tukasikia miguu. Tukapita chini ya barabara ya lami, palipokuwa na joto. Tukapita chini ya mtaro wa kiwanda cha ngozi, na hapo ndipo bomba lina tundu. Hapo tuliingiliwa. Hatukuuliza jina. Kutoka hapo hatukuwa peke yetu tena, tukaenda mpaka mtaa wa mwisho, tukaingia vikombeni.

Yalipomaliza yalianza upya, tangu kisimani.

Mama Ndoo alielewa. Dawa ikishatoka katika maji, kinachobaki ni maji yenyewe na vile yalivyobeba, na asiyezibwa mdomo husema. Samaki aliowaongezea siku kumi walikuwa wamekufa kwa kile kilichobaki. Na mtaa wa mwisho ulikuwa mtaa wake.

Dada wa mapokezi alikuja, akasikiliza kidogo, akaenda kuongeza sauti ya redio, kwa sababu wateja walikuwa wakiuliza nani mgonjwa stoo. Kisha akaja fundi bomba waliyemwita Spana. Alisimama mikono mfukoni mpaka maji yakafika kwenye tundu.

"Kweli tupu," alisema. "Ramani yetu ina makosa, haya hayana. Tundu lenyewe naingiza ngumi. Nimelipima mimi."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

"Na hukuliziba, baba?"

"Mama Ndoo, kuziba kunataka karatasi. Karatasi inataka sahihi ya meneja. Sahihi inataka kiwanda kikubali tuchimbue mtaro."

"Na kiwanda?"

"Kiwanda kinasema hakina mtaro."

Mlinzi alicheka kidogo, kisha akaona wenzake hawacheki, akalirudisha koti juu ya ndoo.

Saa sita meneja mwenyewe aliingia stoo. Alikuwa mtu wa heshima, asiyemkatiza mtu kauli. Alipewa boksi, akaketi, akayasikiliza maji tangu kisimani hadi vikombeni, akiandika kwenye daftari. Yalipoanza mara ya pili aliinuka na kufunga kalamu.

"Yamejieleza vizuri," alisema. "Tena bila kumtukana mtu. Nitalishughulikia."

"Mjukuu wangu yuko mtaa wa mwisho, bosi," Mama Ndoo alisema. "Anakunywa haya."

"Najua, mama. Pole sana. Anaendeleaje?"

"Anakunywa uji."

"Tumshukuru Mungu."

Wiki hiyo hiyo ilishughulikiwa. Lori lilileta mapipa ya dawa mpya, kali kuliko ya zamani, isiyotoka hata maji yakilazwa mwezi mzima. Mama Ndoo alijaza ndoo, mlinzi akatoa koti lake bila kuombwa, wakangoja siku tatu. Maji hayakusema neno. Yalilala macho wazi, yananuka, na alipochovya kidole aliona yamekakamaa pembeni mwa ndoo kama mtu aliyebanwa mdomo na mkono wa mwingine.

Samaki walikufa wote kumi na wawili kati ya saa mbili na saa nne, wateja wakiwa kwenye benchi. Mama Ndoo aliwatoa mmoja mmoja, mgongo wake ukiwa umewakinga watu wasione. Kesho yake dereva alileta samaki wa plastiki wanaozungushwa na betri. Ni wazuri, wana rangi tatu, na kutoka kwenye benchi hawatofautiki. Ile karatasi ya kwenye kioo haikubanduliwa.

Mama Ndoo angeweza kuishia hapo. Lakini Alhamisi, mtoto akiwa amelala baada ya chakula cha mchana, alianza kusema.

Alisema kwa sauti ya chini yenye mafua. Alisema: tulitoka kisimani tukiwa wazima. Mama Ndoo aliweka chini shati alilokuwa akilishona kifungo. Mtoto alipita chini ya shule, akapita chini ya barabara, na alipofika kwenye mtaro alikunja uso na kusema hapo ndipo bomba lina tundu, hapo tuliingiliwa. Tumbo dogo lilipanda na kushuka. Ndani ya ndoo dawa mpya iliweza kuyanyamazisha maji, ila tumboni mwa mtoto kulikuwa na joto, na dawa iliisha.

Dirisha lilikuwa wazi. Nyumba ya pili mtoto wa mshonaji alikuwa akisema hayo hayo, yuko kwenye barabara ya lami. Ng'ambo ya njia pacha wa muuza mkaa walikuwa vikombeni.

Kesho yake Mama Ndoo hakuchukua ndoo. Alivaa nguo yake ya misibani na harusini, akabisha mlango wa meneja, akasimama.

"Bosi, sijawahi kuomba kitu. Naomba hiyo sahihi ya kuziba tundu. Mtoto wangu amekuwa bomba."

Meneja alimvutia kiti. Alimmiminia chai mwenyewe, akatia sukari, akakoroga. Kisha akaenda kufunga mlango.

"Anasema mchana au usiku?" aliuliza.

"Mchana. Akilala."

"Wa kwangu ni usiku," meneja alisema. "Tangu mwezi uliopita. Nyumba yangu iko hatua chache kabla ya mtaa wenu. Mwanzo mama yake hakupata usingizi. Sasa tumezoea." Alisogeza mfuko wa kalamu uliokuwa mezani, akaurudisha. "Nikisaini, kiwanda kinafungwa. Watu mia nne. Nikikaa kimya, hivi tulivyo ndivyo tutakavyokuwa. Mlaze kwa ubavu wa kulia, mama. Sauti inapungua sana."

Mama Ndoo alimtazama. Aliona kwamba ushauri ule ameutoa moyoni, na kwamba huenda ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpa. Alimshukuru, akamaliza chai, kwa sababu ilikuwa imekorogwa kwa mkono wa mtu mwenye huzuni.

Mchana ule alimgeuza mtoto kwa ubavu wa kulia. Ilikuwa kweli. Sauti ilishuka ikawa kama ya nyuki aliye chumba cha pili. Basi aliinamisha kichwa, akaweka sikio karibu na ile midomo iliyopauka, akasikiliza safari yote hadi mwisho, maana si vizuri mtu aseme jambo kubwa hivyo na asipate hata mmoja wa kumsikia. Kila ilipofika kwenye mtaro alisema taratibu, "Pole, mke mwenzangu."

Saa kumi mtoto aliamka, nywele zimelalia upande mmoja. Alipiga miayo. Hakukumbuka kitu.

"Bibi," alisema, "nina kiu."

Bibi alichukua kikombe, akaenda kufungua bomba.