Mboga Alizokausha Avelina

Damu ilibaki kwenye andazi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la karakana yangu pale Majengo, chai ya rangi pembeni, na nilipolitoa andazi mdomoni nikaona alama za fizi zangu, nyekundu, zimejipanga kama mhuri. Sikushtuka. Nilifuta mdomo kwa kiganja, nikalimalizia lile andazi, nikachukua randa na kurudi kwenye mlango niliokuwa nautengeneza.

Sikushtuka kwa sababu nilidhani naijua damu ile. Ugonjwa wa mke wangu, Avelina, ulianza hivyohivyo: fizi kwanza, halafu madoa ya zambarau miguuni, halafu uchovu wa kushindwa kubeba hata beseni la nguo. Ilikuwa saratani ya damu. Tulimzika wiki ya Pasaka kijijini kwao, mvua zikiwa zinaelekea kuisha na ulezi umeinamisha vichwa. Kwa hiyo kiangazi, madoa yaliponitokea mimi kwenye miundi, nilipandisha suruali nikayatazama, kisha nikaishusha. Nikajisemea, kumbe hatukuachana mbali.

Nilifurahi. Haikuwa furaha ya kucheka. Ilikuwa ile ya mtu aliyekaa kituoni peke yake kwenye baridi, akaona taa za basi lake zinakuja.

Kabla hajalazwa, Avelina alikuwa amekausha majani ya kunde. Alifanya hivyo kila mwaka, kama mama yake: anayachemsha kidogo, anayaanika mpaka yanakuwa meusi na mepesi, anayafungia kwenye mfuko wa salfeti kungojea kiangazi. Mwaka huo aliyaanika akiwa amekaa, kwa sababu kusimama kulishamshinda. Watu wa msiba walipoondoka, na binti yetu Fransiska aliporudi kwa mumewe kule Namanyere, nilibaki na nyumba, redio na ule mfuko.

Nilijifunza kuyaloweka, kuyatia karanga za kutwanga, kuyala na ugali. Nilichota kwa ncha za vidole ili yasiishe. Kila jioni nilikuwa nakula kazi ya mikono yake, na nilijua siku yakiisha hakuna mahali pa kununua mengine yenye mikono ile. Yakaisha. Niliukung'uta mfuko juu ya sufuria, vumbi la kijani likaanguka, nikalipika na lenyewe.

Baada ya hapo sikula mboga tena. Bustani yake ilikuwa nyuma ya nyumba, lakini mlango wa uani nilikuwa nimeufunga tangu msiba na sikuwa na moyo wa kuufungua. Asubuhi chai na andazi, jioni ugali na dagaa wakavu. Fransiska alipiga simu kila Jumapili.

"Baba, umekula?"

"Nimekula, mwanangu."

Ilikuwa kweli. Hakuuliza nimekula nini.

Jirani yetu Hamisa, mke wa Bashiri mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa akiniletea chakula, sahani juu na sahani chini, kimefungwa kwa kitambaa. Nilishukuru, nikakiweka mezani, na kikanishinda. Chakula cha watu wengi kina sauti zao ndani yake. Ukikifungua peke yako unawasikia.

Siku moja alileta kigoda kirekebishwe mguu. Akakiona kidole gumba changu, mahali patasi iliponikata.

"Baba Fransiska, kidonda hiki nilikiona wakati wa Maulidi. Mpaka leo kiko wazi?"

"Kitapona."

"Mama Fransiska naye alikuwa anasema hivyohivyo."

Akakalia kigoda kile kibovu katikati ya vumbi la mbao, akasema haondoki mpaka nifunge karakana. Alinyamaza kabisa, na mtu aliyenyamaza ni mgumu kumfukuza kuliko mtu anayegomba. Nikafunga. Bashiri akatupeleka hospitali kwa gari lake la dukani.

Daktari alikuwa binti mdogo, jina lake Jasmin. Aliniamkia shikamoo kwanza, ndipo akaniangalia fizi, miundi na kidole. Akatuma damu yangu ipimwe. Nilingoja majibu nikiwa mtulivu kuliko watu wote kwenye ile korido. Nilikuwa nimeshachagua pa kuzikwa.

Aliponiita tena, aliisoma karatasi, akaikunja.

"Damu yako haina ugonjwa unaouogopa, baba. Imepungua kidogo tu. Hebu niambie, unakula mboga?"

"Nilikuwa nakula za kukausha."

"Na mbichi?"

Nikatikisa kichwa.

"Hiki ni kiseyeye," akasema. "Siku hizi hatukioni sana. Mboga za kukausha ni nzuri, zina madini ya kuongeza damu. Lakini vitamini C, ile inayoshika fizi na kufunga vidonda, jua huimaliza. Inataka majani mabichi, yapikwe muda mfupi, na maji yake yasimwagwe. Matembele, mnavu, majani ya maboga, figiri, chochote utakachopata. Ukimaliza kula, chungwa au pera. Na chai isiandamane na chakula, inazuia madini yasiingie mwilini."

Nikainuka kuondoka.

"Mwambie mama nyumbani asiyachemshe sana," akaongeza, kwa wema.

"Nitamwambia," nikasema.

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje. Hamisa alikuwa amekwenda dirisha la dawa. Upepo wa Sumbawanga ulikuwa unasukuma makaratasi uwanjani, na mimi nilikuwa na hasira ambayo sikuweza kumwonyesha mtu yeyote. Nilikuwa nimejiandaa kwa kifo, nikapewa mapera. Ule ugonjwa niliodhani ni njia ya kumfuata Avelina haukuwa wake kabisa. Wake haukuponywa na chochote, na tulijaribu kila kitu. Wangu ulikuwa unaningojea niende sokoni. Hata katika kuumwa tulikuwa tumetengana.

Nyumbani Hamisa akaniuliza nitakula nini jioni ile.

"Nitaona."

"Sikupikii tena," akasema. "Pilau yangu ya Idi niliikuta kuku wanaigombania nyuma ya karakana yako. Sikukasirika. Lakini mimi siwezi kukulisha kama mtoto, na Mama Fransiska hawezi kurudi. Kwa hiyo unakula au huli, Baba Fransiska? Niambie, nijue cha kumwambia mwanao akinipigia."

Akaingia kwake. Nikabaki barazani mpaka jua likaanza kuzama na baridi ikapanda miguuni, ikiniuma kwenye yale madoa. Nilijaribu kumfikiria Fransiska akiambiwa na Hamisa kwenye simu. Alikuwa amemzika mama yake mwaka huohuo. Nikaona uso wake siku ile kaburini, jinsi alivyogeuka kunitafuta.

Nikainuka, nikafungua mlango wa uani.

Bustani ilikuwa imekufa. Mashina ya mchicha yalikuwa yamekauka yakisimama, miboga imelala chini kama kamba kuukuu. Kwenye bomba tu, mahali maji yanapodondoka siku zote kwa sababu sikuwahi kubadilisha mpira wake, kulikuwa na matembele yaliyotambaa na vichaka vya mnavu vilivyoota vyenyewe. Nikachuma. Sikujua niishie wapi, nikachuma mpaka mashina magumu. Nikaenda kwenye ua wa Hamisa.

"Mashina haya nayo yanapikwa?"

Alitokeza kichwa, akaangalia mikono yangu. Hakutabasamu wala hakunipongeza.

"Hapana. Chagua majani na vilele. Osha kwanza, kata baadaye, ukikata kwanza uzuri wote unaondoka na maji. Yakishalegea, epua."

Nilichelewa kuepua. Mnavu ulikuwa mchungu, na chumvi ilizidi. Nilikula nikiwa nimesimama jikoni, machozi yakinitoka, na nikamaliza.

Niliporudi kwa daktari, kidole kilikuwa kimefunga na fizi zimekuwa ngumu. Alinimulika mdomoni akafurahi.

"Mama amekupikia vizuri. Mpe hongera zangu."

Ningeweza kusema ahsante nikaondoka. Tangu msiba sikuwahi kuyatamka yale maneno mwenyewe, kwa sababu kila mtu mtaani alikuwa anayajua tayari.

"Mama alifariki, daktari. Wiki ya Pasaka. Nimepika mimi."

Aliiweka kalamu chini. Nje watu walikuwa wengi, muuguzi alishachungulia mlangoni, lakini hakumwita anayefuata. Alikaa tu na mimi, mikono yake juu ya meza. Halafu akasema, "Pole, baba," na ikawa mara ya kwanza pole ya mtu kunifikia.

Siku hizi nanunua mboga sokoni Jumamosi, nyingine nachuma uani, kwa kuwa masika yalipokuja nilipanda kunde na maboga. Sikukausha. Jumamosi iliyopita muuza figiri, mama ambaye sikuwahi kununua kwake, aliniuliza nataka mafungu mangapi.

"Moja."

"Moja kwa nyumba nzima?"

"Linatosha, mama."

Akaniangalia kidogo, akachomoa matawi mengine kwenye beseni lake, akaniongezea.

Nilirudi kwa miguu, nikayaosha, nikayakata, nikayapika yote. Yalikuwa mengi kwa mtu mmoja. Nilikula nusu, na nusu nikaifunika kwa sahani, iwe ya kesho.