Tone Jeupe

Mzee Bayumi, kinyozi wa Fayum, hakuacha hata picha moja ya uso mzima. Alikuwa na chongo la jicho la kushoto, na kila alipopigwa picha aligeuka upande. Basi alipofariki, mjane wake Rawhiya alimwomba binti yao Insaf, aliyekuwa akijifunza uchoraji, amchore kwenye ubao akitazama mbele, uwe tayari siku ya arobaini.

Insaf alikuwa na walimu wazuri, ila wamekufa zamani: wale wachoraji wa kale waliochora nyuso za marehemu wa Fayum juu ya mbao. Kila Ijumaa alikwenda Kairo, makumbusho, akakaa mbele ya nyuso hizo na penseli yake. Huko ndiko Insaf alikokuwa wakati baba yake alipokata roho. Wengine ndio waliomfumba macho. Hilo lilimuuma kuliko msiba wenyewe.

Nyuso zile zilimfundisha kwamba uhai wa jicho ni tone dogo jeupe linalotiwa mwisho. Akalitia kwenye jicho la kulia la baba. Kisha, kwa mapenzi, akatia na la kushoto. Ukipenda, chongo utaita kengeza. Insaf alipenda hadi akaliita zima.

Rawhiya aliutazama ubao kwa muda mrefu.

"Mzuri," akasema. "Nani huyu?"

"Mama, si baba?"

"Baba yako alikuwa akiniambia, 'Rawhiya, kaa upande wa chongo, nisione unavyozeeka.' Nimekaa upande huo tangu nilipoolewa. Huyu mwenye macho mawili simjui, mwanangu."

Insaf alikumbuka ubao mmoja kule makumbusho, wa mwanamume mwenye jicho bovu lisilo na tone. Siku zote aliupita akidhani mchoraji alisahau. Kumbe yule hakusahau kitu. Alimtazama mtu wake, akamchora alivyo.

Akachovya brashi kwenye rangi ya kijivu. Akalifunika lile tone polepole, na jicho la kushoto likazimika chini ya mkono wake.

"Huyo sasa," mama akasema, akavuta kiti akaketi upande wa chongo.

Insaf bado alikuwa ameshika brashi. Jicho moja la baba, angalau, alikuwa amelifumba mwenyewe. Hapo ndipo alipolia kilio ambacho siku ya maziko kilikataa kutoka.